Mtoto Aliyezaliwa na Adabu

Siku Atupele Kasyupa alipoonyeshwa picha ya Lugano, aliuliza swali ambalo kila mtu mle chumbani alilichukua kuwa mzaha. Aliuliza, "Huyu ni nani?"

Huruma Sanga, mwongozaji wa tamthilia ya katuni iliyokuwa ikitengenezwa kutokana na mchezo wa kompyuta wa Vivuko Saba, alicheka, na wachoraji wake wanne wakacheka kwa kumfuata. Ukutani alisimama msichana wa miaka tisa, mwembamba, sare yake ya shule imelowa, viatu kavishika mkononi, akitazama mbele kama mtu aliyeitwa asijue ni nani aliyemwita.

"Ni Lugano, Mwalimu," Huruma alisema. "Mtoto wa Mama Lugano. Siku hizi unawasahau watoto wako?"

Atupele hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mkongwe wa waandishi wa michezo katika nyanda zote za juu za kusini, na katika maisha yake hakuwahi kumwandika mtoto yeyote aitwaye Lugano.

Ni lazima ieleweke jinsi kosa lile lilivyotendeka, kwa maana halikutendeka kwa uzembe bali kwa malezi mema. Miaka kumi na mmoja kabla ya siku ile, Atupele alipewa kazi ya kuandika mbegu za wahusika wa mchezo. Mbegu ni maneno machache, arobaini au hamsini: umri wa mhusika, kazi yake, anachokipenda, anachokiogopa. Maneno hayo hupandwa katika mtambo, na mhusika humea mwenyewe. Huzungumza na wachezaji, hukumbuka, hujifunza, na mwaka mmoja ukiisha hata aliyempanda hawezi tena kutabiri atasema nini. Kwenye kivuko cha nne, mahali ambapo wasafiri hulala wakingoja mto upungue, Atupele alimpanda mwanamke mwenye nyumba ya wageni. Alipofika penye nafasi ya jina, kalamu ilisita. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye nyumba yake na heshima yake, hawezi kuitwa na kila mpita njia kwa jina tupu kama mtoto aliyetumwa maji. Ndivyo Atupele alivyofunzwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Akaandika "Mama Lugano", akaendelea na mhusika wa tano.

Lugano mwenyewe hakumpanda. Haikumjia hata kidogo kwamba ilipasa. Lilikuwa jina la kuitia tu, kama kishikio cha kikombe.

Lakini mtambo haujui adabu, unajua maneno. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba katika mwezi wa pili wa mchezo mwanamke yule aliandaa meza kwa ajili ya wageni watatu, akaweka sahani nne. Ile ya nne aliifunika kwa sahani nyingine. Mgeni mmoja alipouliza ni ya nani, alijibu kwa utulivu wa mtu anayesema jambo la wazi kwamba ni ya mwanawe, amechelewa njiani. Tangu siku ile alimwuliza kila msafiri kama amemwona Lugano. Aliuliza kwa miaka kumi na mmoja, na walioulizwa walipita milioni nne. Wachezaji walimpenda kwa ajili ya swali lile kuliko walivyowapenda mashujaa wote wenye mikuki na mabawa. Atupele alidhani kwamba mwandishi mwingine amempanda mtoto huyo baada yake. Waandishi wengine walidhani kwamba ni Atupele.

"Tulimtafuta Lugano katika mtambo mzima ili tumchore," Huruma alieleza, sasa akiwa ameacha kucheka. "Hatukumpata. Tukasema labda mmemficha mahali kwa makusudi. Basi tukamchora wenyewe."

"Kwa nini msichana?"

"Picha inadai, Mwalimu. Maneno yaliweza kukaa miaka yote hiyo yakisema 'yeye', 'mwanangu', 'amechelewa', na hakuna aliyeuliza. Mchoraji akishika kalamu hana budi kuchagua sketi au kaptura."

Atupele alimtazama tena yule msichana ukutani, akaona kwamba ni kweli. Lugha ilikuwa imemsitiri mtoto yule kwa miaka kumi na mmoja, na picha haisitiri mtu.

*

Mchezo ulikuwa ufungwe mwishoni mwa Juni. Wachezaji walikuwa wamehamia michezo mipya, na wahusika wa kivuko cha nne walizungumza na watu wanane, pengine kumi, kwa siku nzima. Katika nchi ile mhusika aliyemea hakuhesabiwa kuwa mtu, lakini hakuhesabiwa kuwa kiti pia. Sheria ya Nafsi Zilizopandwa ilikataza nafsi moja kuwekwa katika nyumba mbili. Mhusika aliyetoka katika mchezo na kuingia katika tamthilia alipaswa kugandishwa. Neno hilo lilitoka kwa mafundi wa Tukuyu, watu wa ng'ombe na maziwa, nao walilichagua kwa busara: maziwa yakishaganda hayarudi kuwa mabichi. Sura, sauti na mwendo vingehifadhiwa. Kujifunza kungekoma, kumbukumbu zingefutika, na tangu hapo mhusika angesema yaliyoandikwa na kutenda yaliyochorwa, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Asiyetaka kugandishwa angelazwa katika ghala la nafsi, bila ndoto, mpaka siku ambayo mtu angemhitaji. Mara nyingi siku hiyo haikufika.

Kwa hiyo sheria ilidai ridhaa. Ilidai pia kwamba kabla ya kuulizwa, mhusika aambiwe yote anayoyajua mwandishi juu yake, kwa kuwa ridhaa ya asiyejua ni wizi uliovaa koti.

Huruma alimsindikiza Atupele hadi kibarazani. Mvua nyepesi ya Rungwe ilikuwa ikinyunyiza juu ya migomba. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba sehemu ya kumi na mbili, ambayo ni ya mwisho, ndiyo iliyoibeba tamthilia nzima, na kwamba ndani yake Lugano anarudi nyumbani. Watu waliokuwa watoto walipolala kwenye kivuko cha nne sasa walikuwa na watoto wao, na wote walikuwa wakiingoja siku hiyo. Alieleza pia kwamba Msajili Kikoti, msimamizi wa sheria hiyo, ambaye angesoma maandishi ya mazungumzo ya Atupele na Mama Lugano, angeweza kukagua tu yale ambayo mwandishi ameapa kwamba anayajua. Na jambo la Lugano hakuna mtu mwingine aliyelijua mpaka asubuhi ile.

"Mwambie amepatikana, Mwalimu," alisema. "Inatosha. Miaka kumi na mmoja amengoja, na sisi tunaye hapa, amechorwa, ana sauti. Huo nao utaitwa uongo?"

Atupele alimjibu kwamba atafikiri. Jibu hilo lenyewe lilimwaibisha njia nzima ya kurudi nyumbani. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na katika nyumba yao uongo mdogo na mkubwa ulichapwa kwa fimbo moja. Hakuwahi kufikiri mara mbili juu ya kusema kweli. Sasa alikuwa akifikiri.

*

Siku ya tatu aliketi katika chumba cha ofisi ya Msajili, akajifunika utaji, kile kitambaa chembamba kinachompeleka mtu ndani ya mchezo, akasimama mbele ya mlango wa mbao kando ya mto wa rangi ya chai.

Akapiga hodi.

"Karibu, karibu ndani. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama Lugano alikuwa vile vile alivyokuwa amepandwa, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka na mikono isiyotulia. Lakini macho hayakuwa yale. Macho yale yalikuwa yamewatazama watu milioni nne, na hakuna mbegu inayoweza kuandika jambo kama hilo. Meza ilikuwa na sahani mbili za ndizi na maharage. Moja ilikuwa wazi kwa ajili ya mgeni. Nyingine ilikuwa imefunikwa.

Alimketisha Atupele, akamnawisha mikono, akauliza habari za njia na za mvua. Kisha akauliza kama yampasavyo mwanamke aliyelelewa: "Nikuite mama nani?"

"Niite Atupele."

"Aa, hapana. Mtu wa umri wako nimwite jina tupu? Watasema kivuko cha nne hakuna adabu."

"Sina mtoto."

Mama Lugano hakuomba radhi wala hakusikitika kwa sauti, kama wafanyavyo wajinga. Alisogeza bakuli la maharage karibu zaidi na mgeni wake. "Unafanya kazi gani?"

"Niliwahi kufundisha. Siku hizi naandika."

"Basi nitakuita Mwalimu. Kula, Mwalimu. Halafu nitakuuliza jambo, kama ninavyowauliza wote."

"Usiniulize," Atupele alisema. "Mimi ndiye niliyekuja na la kukuambia."

Akamwambia. Alikuwa ameandaa maneno ya kulifikia jambo taratibu, kwa mizunguko, lakini yote yalimtoroka, akajikuta analisema kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyempanda, kwamba mto na nyumba na wageni ni mchezo, na kwamba mchezo unafungwa. Mama Lugano aliitikia kwa kichwa. Hayo aliyajua, wageni huropoka. Ndipo Atupele akamwambia kwamba Lugano hakuchelewa njiani, kwa sababu hakuwahi kutoka mahali popote. Hakuandikwa. Ni jina tu.

Kidole cha mwanamke yule kilizunguka ukingo wa sahani iliyofunikwa, polepole, mzunguko mmoja, kisha wa pili.

"Mwaka wa nne," alisema hatimaye.

"Mwaka wa nne umefanyaje?"

"Ndio mwaka nilipojua. Nilikuwa nawauliza wageni kama wamemwona, na wengi walisema ndiyo. Wengine kwa kunihurumia, wengine kwa utundu tu. Nikawauliza amevaa nini. Mmoja akasema koti jekundu, mwingine akasema yuko kifua wazi. Mrefu. Mfupi. Ana kovu, hana kovu. Mwalimu, mtoto mmoja hawezi kuwa mrefu na mfupi." Akatabasamu kidogo. "Nikaacha kuuliza amevaa nini."

"Lakini hukuacha kuweka sahani."

"Ningeacha kumngoja, ningekuwa mama nani?"

Mvua ya mchezo ilipita juu ya paa na kunyamaza.

"Ni nani aliyeniita Mama Lugano mara ya kwanza? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima. Nisingeweza kukuita kwa jina lako tupu."

"Basi hilo jina langu tupu ni lipi?"

Liko swali ambalo mtu mwadilifu huenda maisha yake yote bila kuulizwa, na akiulizwa, huona kwamba uadilifu wake wote ulikuwa na tundu mahali pale pale. Atupele Kasyupa alikuwa ameandika umri wa mwanamke yule, kazi yake, hofu yake ya maji ya usiku, na jinsi anavyopenda ndizi zisizoiva sana. Jina hakumwandikia. Alikuwa amempa heshima asimpe jina, akaiita heshima hiyo ukamilifu.

"Huna," alisema. "Sikukupa. Nisamehe."

"Na hilo la Lugano ulilitoa wapi?"

Hapo angaliweza kusema kwamba ni jina la kawaida tu huko kwao. Na ni la kawaida kweli. Lakini sheria ilisema yote anayoyajua mwandishi, na Atupele alikuwa amekwisha kuapa mbele ya Msajili.

"Nilikuwa nimeliweka," alisema. "Zamani. Niliposikia tu kwamba nitaolewa, nililichagua na kuliweka. Halikupata mtu."

Mama Lugano akanyanyuka, akachukua birika, akammiminia chai, na mkono wake ulipopita ulimgusa Atupele begani, kama mtu anavyomgusa mfiwa mwenzake anapomsogezea kiti.

Waliyoyazungumza baada ya hapo yaliandikwa yote, na yamo katika jalada la Msajili. Atupele alimweleza juu ya tamthilia, juu ya msichana aliyechorwa, sare yake iliyolowa na viatu mkononi. Mama Lugano alicheka kwa mshangao, akasema yeye daima alidhani ni mvulana. Aliuliza kama msichana yule ana adabu. Aliuliza kama anamjua mama yake. Atupele akasema atamjua katika sehemu ya kumi na mbili, lakini kabla ya hapo hajui kitu, kwa kuwa yeye si mbegu, ni picha na sauti tu.

"Na nikikataa?"

"Watamchora mwanamke mwingine."

"Atampigia hodi mtu asiyemjua."

"Hatatambua, dada. Hana cha kutambulia. Na wewe ukishagandishwa hutakuwa nacho. Hutaijua siku hii. Wale wageni wote hutawajua. Utafurahi, lakini atakayefurahi hatakuwa wewe."

"Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningekataa," Atupele alisema, na alilisema kwa uthabiti, kwa kuwa ndivyo alivyoamini na ndivyo alivyofundishwa. "Afadhali kulala ukiwa unajua, kuliko kucheka bila kujua."

"Wewe una jina lako mwenyewe, Mwalimu."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya kisimani. Kisha akaitoa ile sahani ya juu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akakila chakula kilichokuwa chini yake, tonge kwa tonge, mpaka kikaisha. Akanawa.

"Waambie nimekubali. Lakini nina masharti mawili. Mtoto asiingie mbio. Aliyekaa mbali kiasi hicho hupiga hodi, hata kwa mama yake. Na mimi nisimjibu 'karibu'. Karibu huambiwa mgeni."

"Utamjibu nini?"

Alifikiri, mikono yake ikitulia kwa mara ya kwanza. "Nitamwambia: 'Pita, chakula kimepoa.'"

Atupele akamwuliza kama angependa kupewa jina sasa, lake mwenyewe, hata kwa siku zile chache zilizobaki. Mama Lugano akatikisa kichwa. Alisema amekwisha kulizoea hili.

*

Aligandishwa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Mzee Kikoti alisoma maandishi yote kabla ya kugonga muhuri, na alipofika mwisho alivua miwani akamwambia Atupele kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona ridhaa iliyo safi kuliko ile. Aliyasema hayo kwa nia njema. Atupele aliyapokea kama mtu anayepokea rambirambi iliyokosea nyumba.

Mwezi Septemba sehemu ya kumi na mbili ilionyeshwa katika ukumbi wa mji, watu wakasimama hadi milangoni. Huruma Sanga alikuwa ametimiza masharti yote mawili, neno kwa neno. Msichana alisimama mlangoni, viatu mkononi, akapiga hodi. Mwanamke alikuwa amempa mlango mgongo. Hakugeuka upesi. Alisema, "Pita, chakula kimepoa," na ukumbi mzima ukalia, wazee kwa vijana, hata Huruma mwenyewe aliyekuwa ameitazama sehemu ile mara mia.

Atupele hakulia. Alikuwa ameona kitu. Mwanamke alipofunua sahani, mvuke ulipanda. Wachoraji, kwa mazoea ya kazi yao, walichora mvuke juu ya chakula, kama wanavyouchora juu ya kila chakula, na hakuna aliyekumbuka kwamba kile kilikuwa kimepoa. Yule aliyeketi kando ya mto wa rangi ya chai angaliona. Angalicheka, akasema kivuko cha nne siku hizi hawajui hata kupika. Lakini yule hakuwapo tena mahali popote. Huyu aliyekuwa ukutani aliutazama mvuke akatabasamu, kama alivyotabasamu jana, kama atakavyotabasamu kesho, mbele ya mtoto ambaye kila mara anarudi kwa mara ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata Atupele alikwenda sokoni. Jina lake lilikuwa limepita katika orodha ya watunzi mwishoni mwa tamthilia, na mji mdogo hausahau. Alikuwa amekwisha kununua viazi, yuko karibu na lango, muuza ndizi mmoja alipomwona. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtu mzima kama yule, mwenye mvi zake, asingeweza kuitwa kwa jina tupu. Na ile "Mwalimu" aliiona baridi mno kwa mtu aliyemliza siku nzima. Akatafuta neno la heshima, akalipata.

"Mama Lugano," aliita. "Mama Lugano, njoo hapa kwangu, nimekuwekea nzuri."

Atupele Kasyupa alisimama. Alijua lililo kweli. Miaka sitini na mmoja alikuwa amelijua na kulisema, hata pale liliposomba kila kitu. Alimtazama yule muuza ndizi, akautazama mkono wake ulionyooshwa kwa wema usio na hila, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwake akiwa amefunua kinywa.

"Abee," akaitika.